Kikaango cha Wakwe Hakitoki Jikoni Kwangu

Admin, nifichie jina, maana wifi zangu wote wako humu na hawalali bila kusoma ukurasa huu. Nina miaka 32, Mkenya, nimeolewa na Mnubi hapa Kampala, mwaka wa sita sasa. Sisi tunaishi Katwe, wakwe wako Kisenyi.

Wakwe wana kikaango cha chuma kizito, cheusi tii, alichokuja nacho bibi yake mama mkwe, mke wa askari wa zamani. Wakati wa vita walikimbia wakaacha hata vitanda, lakini kikaango kilibebwa. Hupikiwa gurusa, zile chapati laini za unga uliochachuka, na hurithiwa na mabinti tu.

Mwezi wa kwanza wa ndoa niliachiwa jiko la wakwe nisafishe. Kwetu mke mpya hupimwa kwa sufuria zake. Nikaona ule weusi, nikasema uchafu gani huu. Nilisugua kwa mchanga, sabuni na waya kutwa nzima hadi kikang'aa, tena nikajisifu. Mama mkwe alipokiona alikaa chini akalia. Gurusa za siku ile ziliganda zote.

"Hiyo weusi ndiyo ilikuwa kitu yenyewe," aliniambia.

Wifi mkubwa akasema nimefanya makusudi. Akakisukuma miguuni mwangu. "Beba. Sasa ni chuma ya kuuza Katwe."

Nikabeba. Fundi mmoja wa huku kwetu Katwe, kazi yake kuyeyusha vyuma chakavu, akanionyesha: paka mafuta kidogo, weka kwenye makaa hadi yakauke, rudia mpaka weusi ujijenge tena na gurusa zisigande. Nimerudia kwa miaka. Nimeungua vidole, nimekula gurusa zilizokatikakatika hadi nikazichukia. Idd iliyopita nilimpelekea mama mkwe gurusa nzima, nzuri. Alikula tatu, akauliza nimezipikia kwenye nini. Nikamwambia ukweli. Akaomba nyingine.

Habari zikamfikia yule wifi mkubwa. Sasa binti yake anaolewa na anataka "kikaango cha ukoo". Mume wangu, ambaye anakula hizo gurusa kila asubuhi, ananiambia nirudishe kwa ajili ya amani. Amani ya nani? Siku natukanwa yeye alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nilikosa, na niliomba radhi nimepiga magoti. Lakini nilichotupiwa kilikuwa chuma kitupu. Weusi ulioko leo ni wangu, nimeutolea jasho. Na mimi pia nina binti, ana miaka minne, naye ni damu ya nyumba hiyo hiyo. Inaniuma kuona hakuna anayemhesabu.

Jumapili wanakuja kukichukua. Watanikuta napika. Nitawakaribisha vizuri, nitawapa chai na gurusa, na kikaango kitakuwa juu ya makaa, chekundu kwa chini. Mwenye mkono wa kukitoa hapo na akitoe.

Ndugu zangu, kwa mume kama huyu nifanye nini? Nishaurini. Ila la kurudisha msiniambie.