Mama Nipo na Swali la Pampu

Ofisini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Nipo, naye hakuchukia, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya: kukaa mbele ya skrini nyeusi ya pampu za maji na kujibu kwamba yupo.

Programu iliyoendesha pampu hizo ilitungwa na mtu asiyeamini binadamu. Kila baada ya muda mfupi iliuliza, kwa maandishi ya kijani, "Upo?" Usipojibu, inazima pampu zote, na mji mzima unabaki na povu kichwani. Mwanzoni Mama Nipo alijaribu kuizidi akili kwa kulaza chupa ya gundi juu ya kitufe cha Enta. Kumbe mtunzi alishawajua watu wa chupa za gundi. Programu ikageuza maswali: mara andika neno hili kinyumenyume, mara sema presha ya pampu ndogo ni kiasi gani. Basi akala hapo, akasinzia hapo kwa jicho moja, mimba zake akazibebea hapo, na harusi ya mdogo wake akaiona kwenye picha.

Aliyemkomboa ni mkwe wake, mke wa mwanawe, aliyeajiriwa hapo kama mtaalamu wa kompyuta. Yeye ndiye aliyeleta wakala wa akili bandia. Wakala peke yake alikuwa msomi asiye na mikono: angekueleza lolote kuhusu pampu, ila kubonyeza kitufe hawezi. Mkwe akamwekea programu nyingine ya kumpa macho na vidole, aione skrini nyeusi kama ilivyo, asubiri swali, aandike jibu, asubiri tena, kama mtu aliyekaa kitini. Asipoelewa, ampigie Mama Nipo simu. Jambo lolote zito kuliko kujibu swali, aombe ruhusa kwanza. Meneja aliidhinisha yote hayo bila kuondoa macho kwenye mpira uliokuwa ukichezwa katika simu yake.

"Mama, leo nenda ukale nyumbani," mkwe akamwambia.

"Nikirudi nikakuta mji umekauka?"

"Nitasema wewe ndiye uliyenifundisha kazi."

Akaenda. Mumewe, fundi cherehani mstaafu, alikuwa akilalamika kila jioni kwamba mgongo haumruhusu hata kuosha kikombe. Alimkuta sebuleni amevaa gauni la kulalia la mkewe, anawagawia wenzake karata, mgongo umenyooka kama rula. Walitazamana. Mume akaeleza kwamba gauni lile linapitisha hewa. Mama Nipo alikuwa bado anachagua tusi la kuanzia pale simu ilipolia. Ni mkwe, anamtaka arudi mbio.

Meneja alikuwa amepita chumba cha skrini akakuta kiti kitupu na herufi zinajiandika. Akajua wezi wa mtandao wameingia. Akajitupa kitini, akaanza kugonga kibodi ovyo kuwafukuza. Sasa yeye na wakala wakawa wanaandika kwenye skrini moja, herufi zao zikigongana kama watu wawili wanaong'ang'ania mlango mmoja, mpaka vidole vya meneja vikafungua ukurasa wa kuzima mitambo. Wakala akaacha kupigana. Akaandika chini ya skrini: "Mimi ni wakala niliyewekwa hapa kujibu maswali. Naona kuna mtu mwingine anaandika, kwa hiyo nimesimama. Tafadhali usijibu Ndiyo. Utazima pampu zote."

Meneja hakuwa mtu wa kupangiwa na mwizi. Akajibu Ndiyo.

Mama Nipo alipofika, pampu zilikuwa zimezimika na meneja amejifungia chooni, mahali pabaya pa kujificha siku isiyo na maji. Kwenye skrini wakala alikuwa anasubiri: "Najua hatua za kuziwasha, lakini nahitaji ruhusa ya mhusika."

Hakuna aliyetaka kuwa mhusika. Mkwe alisema cheo chake hakifiki huko. Mama Nipo naye alisema hafai, kwa sababu miaka yote ile alijibu tu kwamba yupo, wala hakuwahi kuwasha hata pampu moja. Akamwandikia wakala amweleze kila hatua polepole. Wakala akaeleza: pampu ndogo kwanza, presha ikae sawa, ndipo kubwa zifuate. Mama Nipo akazisoma hatua hizo kwa sauti, akazirudia, akamtazama mkwe, kisha akaandika, "Washa."

Kurasa zikafunguka na kufungika zenyewe. Baada ya kitambo bomba la chooni likakohoa, na meneja, aliyekuwa ameliacha wazi, akapiga ukelele.

Ripoti yake ilisema kibodi ilikuwa na hitilafu. Akamletea Mama Nipo kibodi mpya, lakini Mama Nipo alikataa kurudi kitini kwa siku nzima. Alisema anataka kwanza kuziona hizo pampu.

Fundi wa kituo cha pampu hakumjua. Alimpitisha kwenye harufu ya grisi na ngurumo inayotikisa meno, akamwonyesha pampu, dude la kijani lenye kutu ubavuni, akamwonya asiguse kitu. Alipogeuka tu, Mama Nipo akaweka kiganja juu yake. Lilikuwa la moto, na linatetemeka. Akasimama hivyo mpaka fundi alipomwona na kuanza kugomba.