Gegedu Lililokunywa Maji

Mwalimu mmoja wa kemia wa hapa Bariadi amefariki, ndugu wasomaji, nami nimerudi mazishini na ubaridi ambao chai haijauondoa. Hatukuwa marafiki wa kushibana. Tulizoeana machinjioni, mimi nikifuata maini, yeye magoti ya ng'ombe. Mama yake alikuwa hawezi kuinuka bila kushikwa, naye alitaka kuelewa kinacholika ndani ya viungo vile. Aliniambia gegedu, ile nyama nyeupe inayoteleza mwishoni mwa mfupa, limejaa sukari. Si ya chai, bali minyororo mirefu iliyochomoza kwenye protini kama nywele za brashi ya chupa, nayo huvuta maji na kuyashikilia. Maji hayo ndiyo yanayobeba uzito wetu. Minyororo ikikatika, gegedu hulika, mifupa ikasagana.

Majirani waliona ndoo za magoti tu. Ikanong'onwa kwamba mama ndiye anayeyala, na kwetu huku mwanamke mzee akishanong'onwa kuwa mchawi, uhai wake uko mashakani. Lisemwalo lipo, walisema. Mwalimu akaitwa mbele ya wazee wa mtaa, nami nilikuwepo. Badala ya kubishana, alitoa kipande cha gegedu alichokianika hadi kikawa kigumu kama ukucha, akakitumbukiza kwenye bakuli la maji, akawaomba wasubiri. Kikavimba, kikawa cheupe na laini. Akakibonyeza, kikatema maji. Akakiachia, kikayavuta tena. Akatabasamu, akidhani kesi imekwisha. Mzee mmoja akasogeza kiti nyuma.

"Mwalimu, ng'ombe huyu alichinjwa lini?"

"Wiki iliyopita, baba."

"Na bado anakunywa."

Wiki hiyohiyo ilibidi mama ahamishiwe Maswa kwa binti yake, na mwalimu hakuishi naye tena.

Jana mama alirudi kumzika mwanawe. Aliketi mkekani peke yake. Wanawake wengine walibanana kwenye mikeka ya mbali. Jeneza lilipoinuliwa akanyoosha mkono ainuliwe, mkono ukabaki hewani. Nikaenda.

"Nishike, ng'wanone, mwanangu," akasema.

Nilipomwinua magoti yake yakalia, sauti kavu ya mfupa juu ya mfupa. Sababu yake naijua, nilifundishwa na marehemu. Hata hivyo nywele zilinisimama, na vidole vyangu vikaanza kulegea vyenyewe.

"Hata wewe," akasema bila hasira. Hakuniachia, hakukuwa na mkono mwingine. Nami nimejifunza kwamba hofu haiondoki kwa sababu tumeelewa, kwa hiyo tusingoje iondoke ndipo tumshike mtu.