Nilizunguka Othaya, Naro Moru na Nanyuki kwa matatu siku moja, nikingoja mtu aniite kwa jina

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Mwenye chai aisogeze karibu. Haya yalinipata mwenyewe Jumamosi iliyopita na sijatia chumvi.

Mimi ni mwalimu wa Kemia, mzaliwa wa Bungoma. Nafundisha shule moja nje kidogo ya mji wa Nyeri, mwaka wa tatu sasa.

Shuleni naitwa "Kemia". Kwenye ploti ninakopanga naitwa "mtu wa namba nne". Watu wa boda wananiita "bosi", ingawa wao ndio wenye pikipiki.

Aliyekuwa akiniita Wekesa ni mama yangu, kwa simu, kila Jumapili jioni. Alifariki mwaka jana. Tangu hapo Jumapili zangu zimekuwa ndefu, siwafichi.

Basi nikaandika barua ya kuomba uhamisho. Lakini nikasema, miaka mitatu nimeishi karibu na mlima na sijaenda popote zaidi ya sokoni. Wacha nizunguke kwanza.

Nikajiwekea sharti la kitoto kabisa. Nikirudi jioni bila mtu hata mmoja kuniita kwa jina langu, Jumatatu barua inaenda.

Mpango ulikuwa Othaya asubuhi, nirudi Nyeri, kisha Naro Moru, kisha Nanyuki. Matatu tu, hakuna gari la kukodi.

Steji ya magari ya Othaya, hapo Nyeri mjini, nikakuta gari limejaa nusu. Nikakaa kando ya mama mmoja wa makamo, sweta ya kijani, kiondo mapajani. Yeye ndiye alinisalimia kwanza.

"Unaenda nyumbani?"

"Hapana, mama. Naenda kutembea tu."

"Kutembea Othaya?" Akacheka. "Ati kuona nini? Huko ni majani chai na matope tu."

Wakuu, sijui nini kilinishika. Nilimwambia kila kitu. Bungoma, shule, safari yangu ya kwenda kuona mlima, jina langu, kwamba nimeitwa Wekesa kwa sababu nilizaliwa wakati wa mavuno. Hata habari za mama yangu.

"Mlimzika wapi?" akaniuliza.

"Kwetu, nyuma ya nyumba, karibu na migomba."

"Pole sana. Hapo ni pazuri."

Shule nzima hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikaanza kupanga kichwani kwamba tukifika Othaya nitamnunulia chai na mandazi, tuendelee na mazungumzo.

Abiria wakaendelea kuingia. Kijana mmoja wa chuo akasimama mlangoni na begi lake. Kondakta akagonga bodi mara mbili. Mama akachukua kiondo, akainuka, akashuka.

Kwa wageni wa huku: gari tupu halivuti mtu. Kwa hivyo steji kuna watu wa kujaza, wanakaa ndani kama abiria ili wewe udhani gari linaondoka sasa hivi. Ukishaingia, wanashuka mmoja mmoja na kuhamia linalofuata. Ni kazi yao.

Mimi naijua hiyo kazi vizuri, nimeilaani mara nyingi. Siku hiyo niliisahau kwa sababu nilifurahi kuongeleshwa.

"Haya mwarimu, safari njema," akasema dirishani.

Mwalimu. Sikuhesabu.

Othaya ni kuzuri, nisiseme uongo. Vilima vya chai vimepangwa hadi unachoka kutazama. Nikanywa chai peke yangu kwenye meza ya viti vinne. Mtu akaja kuomba kiti kimoja, mwingine akaomba kingine.

Naro Moru nilifika mchana. Jamaa wa kubeba mizigo ya wapanda mlima akanifuata mbio.

"Unapanda, bosi?"

"Hapana, natembea tu."

Akageuka hapo hapo. Mlima wenyewe ulikuwa umefunikwa na wingu, sikuona hata bega lake.

Nanyuki nikaenda kwenye bango la ikweta. Familia moja ikaniomba niwapige picha. Nikawapiga nane, mtoto alikuwa anafumba macho. Wakashukuru, wakaenda. Nami nikajipiga selfi, ikatoka paji la uso na neno moja la bango.

Nikafungua simu nimtumie mtu. Kidole kikaenda kwenye namba ya mama yangu.

Hapo niliumia, wakuu. Nilisimama kando ya barabara kama mtu anayengoja gari, na sikuwa nangoja chochote.

Nilirudi Nyeri kama saa kumi na mbili jioni. Kwa njia ya nyumbani ni lazima upite steji ya Othaya. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nishaamua habari ya barua.

"Wekesa! Wekesa wa mavuno!"

Sweta ya kijani, dirishani, gari lingine.

"Mlima uliuona?"

"Ulijificha, mama."

"Mlima ni ya asubuhi. Wewe unaamka saa ngapi?"

Nikaingia, nikakaa kando yake. Kondakta akaniuliza kama naenda Othaya.

"Huyu ni wangu," mama akamjibu. "Tunajaza."

Tukajaza, wakuu. Tuliongea hadi abiria wa kweli wakaja, tukashuka pamoja. Ni pale chini ndipo nikagundua kwamba nimempa maisha yangu yote na simjui jina. Nikamuuliza.

"Naitwa Wangechi," akasema. "Nimengoja uulize tangu asubuhi."

Nilitembea hadi nyumbani nikiona aibu. Mlinzi wa geti, mama mwenye ploti, jirani wa namba tano: miaka mitatu, na sikujua jina la hata mmoja. Nilikuwa nanung'unika juu ya kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwahi kumpa mtu.

Barua bado iko kwenye droo. Jumatatu nilimuuliza mlinzi jina lake. Anaitwa Kimani, naye yuko mbali na kwao.

Na nyinyi je, jirani wa mlango wa pili anaitwa nani? Andikeni hapa chini. Asiyejua aende akamgongee kwanza, tutamngoja.