Shuka la Samaki Kutoka Mowlem Hadi Kaloleni

Niliondoka mtaani kwetu Mowlem kwa sababu ya meza. Kamati ya soko dogo lililo kando ya ukumbi wa Kaloleni ilikuwa na meza tatu mpya zenye paa, na Jumamosi hiyo watu waliitwa kujadili: zote ziende kwa wauzaji wa samaki wa ziwani, ama wa bwawa nao wapate? Jirani yangu Mama Mwende, mjane, aliuza samaki wa bwawa hapo chini, juu ya gunia, mvua ikimnyeshea. Mimi nilikuwa mchoraji mabango. Kamati iliniomba nichore hesabu ya mabeseni ya samaki yaliyouzwa, kila mtu aione. Nikachora kwenye shuka samaki wawili, mkubwa wa ziwani na mdogo wa bwawa.

Saa moja asubuhi tulianza safari kwa miguu. Rangi ilikuwa bado mbichi, na hakuna makanga wa matatu angetuingiza garini nayo. Tulilibeba shuka kama machela, mimi mbele, Mama Mwende nyuma. Nilikuwa naimba. Mwenyekiti alikuwa ameniahidi mabango yote ya soko kazi hii ikimpendeza, na mimi tayari nilijiona na duka langu.

Saa tatu, Buruburu, tulipitia kwa Bwana Kamau, karani mstaafu aliyehesabu yale mabeseni. Alitupa chai, akafungua daftari.

"Wa ziwani ni mara mbili ya wa bwawa." Akapima samaki wangu wawili kwa rula, mdomo hadi mkia. "Mara mbili kamili. Safi, kijana."

Mama Mwende hakugusa chai. "Lakini mwanangu, mbona wangu amekuwa kitoto hivi?"

"Ni hesabu, mama. Hesabu haina huruma," nikasema nikicheka. Maneno hayo yananiuma hadi leo.

Kaloleni tulifika saa nne na nusu. Ukumbi ulikuwa umejaa. Tulipolitundika shuka, kicheko kikalipuka.

"Niaje, msanii! Huyo kadogo wa bwawa ni omena ama?"

"Mpelekee paka!"

Mwenyekiti, mama asiye na maneno mengi, aliwaambia wanaotaka meza zote ziwe za ziwani wainue mikono. Mikono ikaanza kupanda. Mama Mwende alikuwa anatazama sakafu.

"Sisi hatuuzi hivyo," alininong'oneza. "Tunapanga mafungu, samaki wa kulingana."

Hapo nikaona. Nilipomrefusha yule wa ziwani mara mbili, nilimnenepesha pia mara mbili. Kwa macho, alikuwa sawa na samaki wanne wa bwawa.

"Ngojeni!" nikapaza sauti. "Hesabu ni sawa. Nimekosea mimi."

Niliomba kipande cha makaa kwa muuza chai, nikaligeuza shuka. Nikachora mafungu matatu ya samaki wa kulingana: mawili ya ziwani, moja la bwawa. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alitazama mafungu, kisha akatazama nje, kwenye meza tatu. Walipopiga kura tena, meza moja ikawa ya bwawa.

"Na wewe," mwenyekiti akaniambia, "mabango nitampa mtu asiyekosea mbele ya watu."

Alasiri tulirudi kwa miguu. Shuka lilikuwa limekauka; Mama Mwende alilikunja, akalibeba kichwani. Karibu na Mowlem akasema, "Pole, mwanangu. Lile duka lako."

"Litakuja, mama."

Baadaye alilitundika sokoni, nyuma ya meza yake mpya, upande wa makaa ukitazama watu. Nami nilijifunza kwamba macho hayasomi namba, yanapima mwili. Siku hizi, kabla sijachora hesabu ya mtu, namuuliza kwanza yeye mwenyewe huipangaje mezani.