Aliyonambia Bi Zena Mwosha

Nakumbuka siku moja pale kwetu Likoni, miaka ya tisini ikianza, siku tuliyomwosha dada yangu Mwanahamisi. Mimi nilishika kata ya maji. Bi Zena, mwosha maiti wa mtaa wetu, ndiye aliyeosha. "Mimina, mwanangu, taratibu," akinambia, kana kwamba dada bado alikuwa na maumivu. Alipofika kifuani niligeuza uso. Titi la kushoto lilikuwa kidonda kitupu.

Mwanangu unayenisikiliza, mwosha ana amana. Alichokiona chini ya shuka hakisemi. Ndiyo maana kwetu tulisema mama alikufa kwa homa, na mama mdogo kwa kijicho cha watu. Tuliwanywesha kombe, maji ya aya za Kurani, tukawasomea dua, na dua ni jambo jema. Lakini hakuna aliyetamka titi, kwa kuwa nyumbani mlikuwa na wasichana, na nyumba ikishatajwa kwa maradhi, posa haziji.

Wanaume walipokwisha kuondoka na jeneza, Bi Zena aliniita uani.

"Mwanaisha!"

"Abee, bibi."

"Mamako nilimwosha mimi. Mamako mdogo nilimwosha mimi. Leo dadako. Wote titi."

Nilishtuka. "Bi Zena, si mwosha hasemi?"

"Hasemi aibu ya maiti. Haya ni maradhi, yana aibu gani? Nami nimechoka kuosha warembo wa nyumba hii. Niletewe vikongwe wenzangu, wallahi!"

Nikacheka huku nalia. Yeye hakucheka. "Na wewe je?"

Sikuwa nimemwambia mtu, hata mume wangu. Nilimshika mkono nikauweka penye kivimbe changu, kigumu mfano wa kunde, wala hakiumi. "Mficha maradhi…" alisema, asiimalize methali. Kilio kilichokuwa ndani ya nyumba kiliimaliza.

Hatukungoja arubaini. Matanga yalipoondoka tu, tulivuka feri kwenda hospitali. Daktari akauliza kama kwetu yuko mwengine aliyeugua hivi. Bi Zena akanigusa kwa kiwiko: "Sema, ama ntasema mimi."

Nikasema yote. Daktari akaeleza kuwa iko saratani ya matiti inayofuata ukoo. Kuna kasoro ndogo mtu huzaliwa nayo, ameirithi kwa mama au kwa baba. Shule yangu ni ndogo, mengine yalinipita. Nilichokishika ni kwamba si uchawi wala si kosa la mtu, na kwamba nilikuwa nimewahi. Titi likakatwa, nikatiwa dawa zilizoniacha bila nywele. Nililia, sitakuficha, hata leo nikioga mkono huenda pale pasipo kitu. Lakini wanangu nimewalea mwenyewe, jambo ambalo mama na dada hawakulipata.

Posa moja ya binti yangu ilirudi watu waliposikia. Iliyofuata ilikuja ikijua, ikakaa.

Basi, mwanangu, ninalokuusia ni hili. Uliza kwenu, upande wa mama na upande wa baba, ni nani aliyeugua saratani ya titi au ya ovari. Usiwaruke wanaume: nao huugua, na hata wakiwa wazima huweza kuwarithisha watoto. Ukisikia wapo waliougua, usingoje uvimbe. Mweleze daktari ungali kijana. Siku hizi kuna kipimo cha damu kinachoionyesha kasoro hiyo, na wajuao watakueleza kama ni kukuchunguza mara kwa mara, au dawa, au hata upasuaji kabla ugonjwa haujafika. Usiogope kupita kiasi: si kila aliyerithi huugua, wala si kila uvimbe ni saratani. Ila usipopimwa hujui ni upi. Omba dua, na hospitali uende. Na uliyoyajua usiwafiche ndugu zako wala watoto wako, wa kike na wa kiume, maana sitara isiyomfaa aliye hai haina thawabu.

Mungu akupe mwili wenye afya na kinywa kisichoogopa kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Akuzeeshe katikati ya wajukuu. Na wale wetu waliotutangulia bila kuambiwa, awalaze pema. Amin.