Siku Walipomsimamisha Mwanangu Juu ya Ua

Kijiji tunachokaa Guangzhou hakina shamba wala kuku. Ni maghorofa yaliyobanana mpaka jirani anaweza kukupa chumvi dirishani. Lakini wenyeji bado wanakiita kijiji, na kila mwaka, baridi ikishaisha, wana shughuli yao ambayo siku ya kwanza kuiona nilidhani macho yangu yameharibika. Wanawapitisha watoto hewani.

Siri yake ni chuma. Fimbo ya chuma inatoka kwenye meza yenye magurudumu, inapanda ndani ya nguo za mtoto wa chini, aliyesimamishwa mezani, inapita kwenye mkono wa joho lake na kutokea kwenye ua la bandia aliloshika. Juu ya ua hilo wanamfunga mtoto wa pili, mdogo zaidi, kwenye kiti cha chuma kilichofichwa na gauni. Wewe uliye barabarani unachoona ni binti wa hadithi za kale amesimama kwa ncha ya kiatu juu ya ua, anapelekwa mtaa kwa mtaa kwa ngoma na upatu. Wazee wenye miti mirefu yenye panda wanatembea pembeni, wakiinua nyaya za umeme zisimguse.

Mwaka ule mtoto wa juu alikuwa wangu.

Aliyemchagua ni mama mwenye nyumba wetu. Mwanangu alimwita Popo, ndivyo wao wanavyomwita bibi mzaa mama, nami nikazoea kumwita hivyo hivyo. Tangu mtoto anatambaa, Popo ndiye aliyemlea mimi nikiwa sokoni Shisanhang kununua magauni ya jumla, au viwandani Shiling kukagua mikoba. Matokeo yake, mwanangu wa miaka minne aliongea lugha ya pale kama maji, na Kiswahili akanijibu kwa vipande. Mimi nilijua Kichina cha sokoni tu: bei gani, punguza, hakuna. Wawili hao wakikaa wakichekeshana sikuambulia kitu, na niliona wivu. Nasema wazi, wivu.

Popo aliponiambia mtoto amepata nafasi, ningemkatalia vipi? Mkono usioweza kuukata, ubusu. Tena nilikuwa na jambo nimemficha. Mtoto alikuwa anafikia umri wa shule, na shule za pale kwa mtoto wa mgeni sikuziweza, kwa hiyo nilishapanga kumpeleka Tanga kwa mama yangu, halafu nirudi peke yangu kwenye biashara. Mtoto nilishamwambia. Popo sikumwambia. Kila nilipofungua mdomo aliniwekea bakuli la supu mbele, nikanywa supu.

Shoga yangu wa Kariakoo, tunayefungasha naye mizigo, alinisema vibaya.

"Mtoto wa Kiislamu kwenye ngoma ya hekaluni? Huyo laoban wako akikwambia ruka, unaruka?"

"Si bosi wangu, ni mwenye nyumba."

"Ndo laoban huyohuyo, shoga. Mwambie meiyou, hakuna, kama wanavyotwambia wao tukiomba diskaunti. Basi, imeisha."

Rahisi kusema, hana mtoto wa kulelewa.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimpikia mwanangu uji wa mchele kwa maziwa na iliki, akanywa kikombe, nikamwongeza kingine. Kwetu mtoto haendi shughulini na tumbo tupu, utasemwa. Hakuna aliyeniambia kwamba watoto wa juu hawapewi hata maji tangu wanapoamka, kwa sababu wakishafungwa hawashushwi mpaka msafara urudi hekaluni. Hawakuniambia kwa kuwa pale kila mtu anajua tangu utotoni. Nani anamwambia mtu mzima kwamba moto unaunguza?

Mtoto alishafungwa juu na ngazi imeshaondolewa Popo aliponiuliza, kwa mazoea tu, kama mtoto amekula.

"Amekunywa uji," nikasema kwa majivuno. "Vikombe viwili."

Popo akafumba macho.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Mashavu mekundu, taji la shanga, anapunga mkono kama bibi harusi. Watu walimshangilia kuliko watoto wote, na mimi kifua kikanijaa. Tulipofika kwenye maduka ya dawa za mizizi, akaacha kupunga. Nikaiona ile sura. Kila mama anaijua ile sura. Kisha akaanza kulia.

Nikamvamia mzee mmoja mwenye mti. "Mshushe!"

"Haiwezekani. Mpaka hekaluni."

Na hekalu lilikuwa mbali. Watu wakainua simu wampige picha analia. Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema wahenga, lakini hawakusema ufanyeje mwana akiwa juu usawa wa nyaya za umeme. Nilikimbia chini yake nimenyoosha mikono, na mikono haikufika hata kwenye ua.

"Jikojolee, mama!" nikapiga kelele kwa Kiswahili. "Jikojolee tu, hakuna neno!"

Alinielewa, maana alitikisa kichwa kwa nguvu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kuwa ni aibu. Nilijiona sina maana.

Popo akaja na mwavuli wake, akatembea chini ya mtoto, akaanza kumsemesha kwa lugha yao, taratibu, maneno mengi. Sijui alimwambia nini. Mtoto akanyamaza, akamsikiliza, na mara uji wangu wote ukashuka kwenye gauni, kwenye ua, ukaishia kwenye mwavuli wa Popo na bega lake. Mtaa mzima ulicheka, na Popo akacheka kuliko wote. Mimi sikucheka.

Hekaluni walimshusha mikononi mwangu, ameloa, rangi zimemchuruzika usoni. Alinikumbatia shingo kwa nguvu, nikamshukuru Mungu kwamba ni mimi. Kisha, kichwa chake kikiwa begani kwangu, akamuuliza Popo swali refu. Popo aliacha kujifuta. Alimjibu neno moja, halafu akanitazama mimi.

"Anasemaje?" nikauliza.

Kisha akaniambia kwa kile Kichina cha polepole alichokuwa akinitengea mimi.

"Anauliza, yeye akienda Afrika, kama wewe nitakulea mimi. Anasema mama yake hajui kuongea na watu, atakaa njaa."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia ndiyo." Akafunga mwavuli wake. "Anaondoka lini?"

Nilitaka kumweleza yote, nimwombe radhi, nimwambie sikuwa na njia nyingine. Nikaweza kusema tu, "Mwezi ujao."

Popo akanyoosha mikono, nikampa mtoto akambadilishe nguo.