Mume Wangu Alisema Ana Presha

Wakati tulipofungiwa ndani kwa sababu ya korona, nilikuwa msafishaji wa emajensi, kitengo cha dharura, katika hospitali moja magharibi mwa Sydney. Kabla ya hapo pale palikuwa kama sokoni. Huyu kajikata kidole akimenya kiazi, analia kama anazaa; yule ana mafua ya juzi, anagombana na nesi eti amengojeshwa mno. Ghafla wote wakayeyuka. Niliwadharau walipokuja, nikawadharau zaidi walipotoweka. Kumbe hawakuwa wakiumwa! Nikabaki nafuta viti visivyokaliwa na mtu, kila saa, kwa amri ya msimamizi.

Huku kwetu Blacktown helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa kusaka waliotoka nje, wenzetu wa ufukweni wakiota jua. Na kwenye grupu la WhatsApp madaktari wa kujipachika, mmoja wao fundi magari, walihubiri kwamba anayeingia hospitali hatoki. Mume wangu aliwacheka.

Asubuhi moja aliamka kichwa kinamgonga, mkono wa kulia una ganzi. Nilipokwisha kwenda kazini akapiga simu ya ushauri wa afya, akaiweka spika. Binti yetu, aliyekuwa chumbani mwake kwenye masomo ya mtandaoni, alisikia yote.

"I have pressure," mume wangu alimwambia nesi.

Kwetu hata mtoto anajua presha ni damu kupanda. Yule mama wa kwenye simu, kwa Kiingereza chake, alisikia mawazo tu.

"Oh, we all have pressure, darling."

Akamshauri anywe chai na apumue taratibu. Mume wangu ni mtu wa Tanga, habishani na aliyemsemesha vizuri. Alishukuru, akaenda kuchemsha chai.

Niliporudi saa tisa alasiri nilimkuta kwenye kochi, mdomo umekwenda upande, chai imemwagikia shati. Kiharusi. Daktari aliniuliza kilianza lini. Nikasema asubuhi. Akaandika, hakuniuliza zaidi.

Tangu siku hiyo mume wangu hasemi. Kila mgeni anayekuja kumjulia hali namsimulia ujinga wa yule nesi, na wageni wanasikitika, wananipa pole. Nisichowaambia ni kwamba asubuhi ile, nikiwa navaa viatu, aliniomba twende wote hospitali.

Nikamwambia, "Acha kudeka, baba. Utanitia aibu kwa wenzangu."